Matema wakati wa Krismasi: ufukwe unaotosha ukoo mzima

Kama ukoo wenu ni mkubwa na mnatafuta pa kukutania Desemba, nendeni Matema, wilayani Kyela, pale Ziwa Nyasa linapoishia kaskazini. Krismasi zangu za utotoni zote nazikumbuka za pale. Tulikuwa tukishuka kutoka Tukuyu nyuma ya Land Rover ya mjomba, kuku wamefungwa miguu chini ya benchi, na tukifika tunakuta binamu zetu wa Mbeya wameshawahi magodoro mazuri.

Mwaka jana tulirudi na watoto wetu. Nyumba ya wageni tuliyofikia iko mchangani kabisa. Vyumba ni vya kawaida, safi, vina vyandarua. Jikoni ndiko kuna tatizo: chakula cha mchana kilichelewa mpaka watoto wakapitiwa na usingizi. Agizeni tangu asubuhi. Au nunueni mbasa kwa wavuvi mitumbwi inapoingia, mchome wenyewe, mle na wali wa Kyela, ule unaonukia hata kabla sufuria haijafunuliwa. Mimi sijaona hoteli yenye chakula cha kuushinda mlo huo.

Maji ni matamu na maangavu. Umesimama yamekufika kifuani na bado unaona vidole vya miguu. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya ziwa, kwa hiyo jua huchelewa kuwafikia, na wazee wanapata kukaa mkekani asubuhi bila kuungua. Ila watoto wasiogelee karibu na Mto Lufilyo unapoingia ziwani. Kuna mamba. Waulizeni wenyeji kwanza.

Pangeni Jumamosi iwakute huko, kwa sababu ya mnada wa vyungu Lyulilo, kijiji cha jirani. Akina mama wa Kikisi hufinyanga kwa mikono, huko Ikombe, na vyungu huletwa kwa mitumbwi. Bibi yetu hakuwahi kuondoka bila chungu kipya. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Kikilia vizuri, analipa bila kubishana sana, kwa kuwa aliijua kazi ya mfinyanzi. Nami nawasihi msiwakandamize bei.

Kwa safari ya kurudi, vifungeni kwa majani makavu ya migomba na mvipakate. Gari likirukaruka, chungu kilichowekwa kwenye buti hakifiki Tukuyu.