Uzoefu wangu wa kusomea cheti cha haki jinai

Nilijiandikisha kusomea cheti cha haki jinai nikiwa na picha ya upelelezi niliyoijenga kutokana na runinga: alama za vidole, vyumba vyenye giza, na mtuhumiwa anayekiri kila kitu dakika tano kabla ya kipindi kwisha. Kozi ilichukua mihula miwili, na vipindi vilifanyika jioni kwa kuwa wengi wetu tulikuwa na kazi za mchana. Kwa anayejiuliza kama masomo haya yanastahili muda na ada yake, jibu langu ni kwamba yanastahili, ingawa faida niliyoipata haikutoka pale nilipoitarajia.

Somo lililonifaa kuliko yote ni uandishi wa taarifa, ambalo nilipoliona kwenye ratiba nilidhani limewekwa kujaza nafasi. Katika zoezi la kwanza tulioneshwa video fupi ya dereva aliyesimamishwa barabarani, kisha tukatakiwa kuandika tulichokiona. Niliandika kwamba dereva "alikuwa amelewa na mwenye hasira". Karatasi yangu ilirudi maneno hayo yakiwa yamezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pana swali moja: "Ulevi uliuonaje?" Mkufunzi alieleza kwamba ulevi na hasira ni mahitimisho, na kwamba mwenye kuhitimisha ni mahakama; nilichokiona mimi ni mtu aliyeushikilia mlango wa gari ili asianguke, aliyelitamka jina lake mara mbili kwa shida, na aliyezitupa funguo chini alipoombwa leseni. Niliirudia taarifa ile mara tatu. Tangu hapo kila ninaposoma habari za tukio lolote hujikuta nikitafuta mstari unaotenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa, na mara nyingi sana siuoni.

Zoezi la pili ninalolikumbuka lilikuwa la vielelezo, yaani vitu vinavyopelekwa mahakamani kama ushahidi. Darasa liligeuzwa eneo la tukio, pakawa na simu, kikombe kilichovunjika na kitambaa kilicholoweshwa rangi nyekundu iliyosimama badala ya damu. Kundi letu lilikitia kitambaa kile kwenye mfuko wa plastiki, tena kwa kujiamini kabisa, na hapo tukapoteza alama za kwanza: kitu chenye majimaji ya mwili hukaushwa na kuwekwa kwenye karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu, ukungu ukaota na sampuli ikaharibika. Kosa kubwa zaidi lilijitokeza wiki iliyofuata katika mahakama ya kuigiza. Fomu yetu ya makabidhiano, inayoandikwa nani alikishika kielelezo na saa ngapi, ilionesha kwamba nilimkabidhi mwenzangu simu ile saa 8:10 mchana, ilhali mtunza vielelezo alisaini kuipokea saa 9:25 alasiri. Mwanafunzi aliyeigiza wakili wa utetezi alisimama na kuuliza simu ilikuwa wapi kwa saa moja na dakika kumi na tano. Ilikuwa mezani, karibu na dirisha, na hakuna aliyeigusa. Lakini hatukuwa na saini wala shahidi wa kulithibitisha hilo. Aliyeigiza hakimu aliikataa simu, na kesi yetu ikabaki bila miguu.

Nadharia tulizipitia kwa kasi, na sikuzilalamikia. Tulisoma hoja ya mwanafikra wa Kiitalia Cesare Beccaria ya mwaka 1764 kwamba uhakika wa kuadhibiwa huzuia uhalifu kuliko ukali wa adhabu, tukasoma namna waziri wa Uingereza Robert Peel alivyoanzisha polisi wa London mwaka 1829, kisha tukaendelea. Katika mada ya magereza tulitumia Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ambazo zinakataza kumfungia mfungwa peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Mjadala wa siku hiyo ulikuwa mkali kuliko yote ya muhula, hasa kwa kuwa darasani walikuwapo askari wawili wa magereza waliokuja kujiendeleza, nao hawakukubaliana hata wao kwa wao.

Mada ya vinasaba (DNA) ingeweza kuwa tamu zaidi kama tungeifanya kwa vitendo. Tuliisoma kupitia mkasa wa Uingereza, ambako mwanasayansi Alec Jeffreys alikuwa amegundua mwaka 1984 njia ya kutambua watu kwa vinasaba. Polisi walipoitumia kuchunguza mauaji ya wasichana wawili, ilimsafisha kwanza kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri mauaji mojawapo, na baadaye ndipo muuaji halisi akapatikana, akahukumiwa mwaka 1988. Swali la kwa nini mtu akiri kosa ambalo hakulitenda lilistahili wiki nzima, nasi tulipewa nusu saa.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba maabara iliyotajwa kwenye kipeperushi cha chuo ilikuwa kabati lenye brashi na unga wa alama za vidole, na tuliingia mara moja tu. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni mafunzo ya vitendo. Tulielezwa kwamba tutapangiwa mahali. Muhula wa pili ulipoanza tukaambiwa kila mmoja ajitafutie. Nilipata nafasi ya kuhudhuria vikao vya mahakama kama msikilizaji kwa wiki tatu, na nilichokishuhudia zaidi ni kesi kuahirishwa kwa sababu shahidi hakufika au upelelezi haujakamilika. Anayetaka kujiandikisha aulize mapema, na ajibiwe kwa maandishi, ni nani atakayempatia nafasi hiyo. Aulize pia kama cheti kitapokelewa na vyuo vingine, kwani si kila chuo hukubali kuhamisha masomo. Mimi niliomba kuendelea na stashahada katika chuo kingine, nao wamenipunguzia masomo sita kati ya manane. Mojawapo ya mawili yaliyokataliwa ni uandishi wa taarifa, kwa maelezo kwamba kwao hilo huhesabiwa kuwa somo la lugha.