Kituo cha likizo cha mtaani kwetu Tabata: uzoefu wangu kama mzazi

Nimewapeleka watoto wangu wawili, mmoja wa darasa la pili na mwingine wa darasa la sita, katika kituo cha malezi cha mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, wakati wa likizo ya Desemba na tena likizo ya Juni, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mzazi aliyekitumia kituo na kukilipia. Kwa kifupi, ninakipendekeza kwa yeyote anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia. Nina malalamiko mawili: saa ya kufunga na uchache wa nafasi. Hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ufumbuzi wake uko jirani kabisa na kituo, umefungwa kwa kufuli.

Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari, na mama yao anauza vitenge Kariakoo. Kazi zetu hazijui likizo ya shule. Juni ndiyo mwezi wa kufunga mwaka wa fedha wa serikali, na wateja wetu hukimbizana kutoa mizigo kabla ya viwango vipya vya kodi kuanza Julai Mosi. Kariakoo nako watu wanajipanga kwa ajili ya Sabasaba. Desemba hakuna haja ya kueleza. Ni katika miezi hiyohiyo miwili ambapo shule hufungwa kwa muda mrefu zaidi, na mzazi anabaki na njia chache: awapeleke watoto kwa bibi yao mkoani na kubeba gharama ya nauli ya kwenda na kurudi, awaachie dada wa kazi ambaye tayari ana mtoto mchanga mgongoni, au awaandikishe tuisheni.

Hapo kwenye tuisheni naomba niseme ukweli ambao wazazi wengi tunaujua lakini hatuusemi. Wizara ya Elimu imekuwa ikikataza shule kuwafundisha wanafunzi wakati wa likizo, na sababu yake ni nzuri, kwani mtoto anahitaji kupumzika. Hata hivyo, wengi wetu tunaolipia masomo hayo ya vichochoroni hatulipii hesabu wala Kiingereza. Tunalipia jicho la mtu mzima. Tunataka tu kuwa na uhakika kwamba kuanzia asubuhi hadi saa nane mtoto yuko mahali panapojulikana, hayuko kwenye kibanda umiza akitazama filamu za watu wazima, wala hajasimama mbele ya mashine ya dubwi akitumbukiza sarafu za mia mbili alizotumwa kununulia nyanya. Huduma tunayoihitaji ni malezi, lakini kwa kuwa malezi ya mtoto wa miaka kumi hayauzwi popote, tunanunua masomo.

Kituo hiki kinauza malezi yenyewe, tena bila kuyapaka rangi ya masomo. Kiko katika ukumbi ulio nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, na kinaendeshwa na walimu wastaafu wakishirikiana na kikundi cha akina mama ambao tangu zamani wamekuwa wakikutana hapo kwa ajili ya kuweka na kukopa. Hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Malipo ni shilingi 3,500 kwa mtoto kwa siku, na mtoto wa pili wa familia moja hulipiwa 2,500. Ndani yake mna uji wa saa nne na chakula cha mchana, ambacho kwa kawaida ni wali na maharage au ugali na dagaa. Vyoo ni safi, na maji ya kunawa yapo kwenye ndoo zenye koki. Ukumbi una joto kali baada ya adhuhuri, kwa hiyo watoto huhamishiwa chini ya mwembe, na mvua ikinyesha hakuna pa kuwahamishia.

Kilichonifanya nikiamini kituo ni kaunta buku lililoko getini. Kila mtoto ana ukurasa wake, na humo yameandikwa majina ya watu wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kumchukua, namba zao za simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi ya aliyemchukua. Siku moja nilikwama kazini, nikampigia simu mdogo wangu aliyekuwa Buguruni anisaidie kuwapitia watoto. Haikupita nusu saa simu yangu ikaita, ni mama wa getini pale kituoni. “Habari za kazi, baba. Kuna kijana hapa anasema ni mdogo wako na watoto wanamfurahia sana, ila kwenye daftari hayumo. Nimpe simu uzungumze naye mwenyewe?” Nilizungumza naye, kisha yule mama akaichukua tena simu yake, akaniuliza jina kamili la kijana na namba yake, akayaandika, akamtaka atie sahihi. Mdogo wangu alinung’unika njia nzima. Mimi nililala vizuri usiku ule, kwa sababu nimeona shule zinazolipwa mamilioni kwa mwaka zikimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote anayejua kutaja jina lake.

Upande wa shughuli si mbaya, ingawa haupaswi kuwa sababu ya mzazi kuchagua kituo. Watoto wanacheza rede, kombolela na drafti ya vizibo vya soda. Wanasoma vitabu vya hadithi. Wanafundishwa kushona vifungo na kufua soksi zao, jambo lililomshangaza mama yao kuliko alama zozote za mtihani. Wanaosoma madrasa huondoka pamoja saa nane, wakisindikizwa na mtu mzima hadi chuoni na kufuatwa tena baada ya alasiri, utaratibu ambao sijauona kwingine na ambao umewapunguzia wazazi wengi kichwa kuuma. Wakubwa wa darasa la sita, akiwemo wangu, huchoka mapema. Wiki ya kwanza alifurahi, wiki zilizofuata akawa anaombwa awasimamie wadogo, naye akaanza kusema kuwa anafanya kazi bila mshahara. Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Sasa nije kwenye malalamiko. Saa kumi na moja jioni ni mapema mno kwa mji huu. Anayetoka kazini Kurasini au Posta saa hiyohiyo bado ana Barabara ya Mandela mbele yake pamoja na malori yote ya mizigo yanayotoka bandarini, na hata akipanda daladala la kwanza hafiki Tabata kabla ya saa moja kasoro. Kwa sababu hiyo wazazi tumelazimika kuwalipa vijana wa mtaani wawatoe watoto na kukaa nao, na hapo ndipo ulinzi wote wa lile daftari unapotuponyoka, kwa kuwa saa mbili za jioni ambazo ni za hatari kuliko zote zinabaki nje ya huduma. Nimewaeleza waendeshaji kwamba ningelipa hata shilingi elfu moja ya ziada kwa saa hizo. Jibu lao lilikuwa kwamba akina mama wale nao wana nyumba zao na chakula cha jioni cha kupika, na hilo haliwezi kupingwa. Linahitaji zamu ya watu wengine.

Kuhusu nafasi, ukumbi unachukua watoto arobaini, na uandikishaji wa likizo ya Juni ulikamilika asubuhi ya siku ya kwanza. Nilishuhudia mama mmoja muuza samaki akirudishwa na watoto watatu huku ndoo yake ikiwa kichwani. Wakati huohuo, ukuta mmoja tu kutoka hapo, shule ya msingi ya serikali ilikuwa na madarasa matupu, madawati, vyoo, uzio na mlinzi anayelipwa, vyote vikisubiri Julai. Sioni haja ya kujenga jengo jipya katika mtaa ambao majengo ya watoto yapo na watoto wapo, kinachokosekana ni kibali cha kuwakutanisha.

Nafahamu kwa nini jambo hili halina mwenyewe. Mwaka 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, nayo inawahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Ni programu nzuri, lakini kwa hesabu hiyo mtoto wangu wa darasa la pili yumo na kaka yake hayumo, ilhali wote wawili wanabaki nyumbani peke yao siku ileile. Mtoto akishaanza shule tunahesabu kuwa shule inamtunza, na shule ikifungwa hatumhesabu popote. Hali ni mbaya zaidi kwa wahitimu wa darasa la saba, wanaofanya mtihani wao Septemba na kusubiri kidato cha kwanza hadi Januari. Kituo chetu hakiwapokei, kwa hoja kwamba ni wakubwa, wakati mzazi yeyote wa binti wa miaka kumi na minne atakwambia ni miezi gani ya mwaka anayoiogopa.

Kama kituo kitapanuka, ningependa kianze na lile daftari kabla ya kuongeza watoto. Hivi sasa mtu mzima mmoja anaangalia watoto kumi, na anawajua kwa majina. Wakifika mia bila kuongeza walezi, hata kaunta buku litageuka pambo. Afisa ustawi wa jamii wa kata afike akague, si mara moja tu wakati wa ufunguzi. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kupiga ni bure, imebandikwa ukutani karibu na mlango, lakini juu sana kwa mtoto wa darasa la pili kuisoma. Nimewaambia, wamesema wataishusha.

Barua ya kuomba madarasa mawili kwa ajili ya likizo ya Desemba imeshapita kwa mwenyekiti wa mtaa na iko kwa mtendaji wa kata, ikiwa na sahihi za wazazi, yangu ikiwemo. Ombi likikubaliwa, uandikishaji utafanyika hapohapo nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, na mzazi anatakiwa kufika na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba za watu watatu watakaomchukua, sahani na kikombe.