Uvimbe wangu waliutupa kwenye ndoo

Nianze na sifa kwa kliniki iliyonitoa uvimbe, wasije wakasema nina chuki. Kidonda kimepona. Nyuzi zilikaa sawasawa, na mimi ni fundi cherehani, mshono mbaya nauona nikiwa ng'ambo ya barabara. Ganzi ilikolea vizuri, nilichosikia ni kuvutwavutwa tu. Kwa mkono wa yule daktari peke yake ningewapa nyota nne.

Lakini hiyo ndoo!

Uvimbe ulikuwa pajani kwa nyuma, tangu mwaka juzi au kabla ya hapo. Ulianza kama punje ya kunde, nikaupuuza. Juzijuzi, baada ya mfungo, nikawa nikikaa kwenye kiti changu cha kazi unanisukuma. Nikachukua futi kamba nikaupima mwenyewe: sentimita 7 kasoro kidogo. Hauumi, hauna joto. Wifi akasema mafuta tu hayo, babu yao alikuwa nao begani mpaka anazikwa, na hakufa kwa huo.

Kwenye hiyo kliniki (siitaji, majirani mtaijua kwa foleni ya dirisha la malipo) daktari hakunyanyuka kitini. Aliubonyeza kwa dole gumba mara mbili, juu ya dera. Juu ya dera jamani! "Mafuta hayo mama, tunatoa leo leo." Nikamwambia umekua sana miezi hii. Akajibu, "Na wewe umenenepa." Nikacheka kwa aibu. Hasira ilinijia baadaye, nikiwa kwenye bajaji.

Kazi yenyewe haikufika saa nzima. Nesi ananifunga bendeji, nikamuuliza, "Dada, hicho kinyama kinakwenda maabara?" Akanionyesha ndoo kwa kidevu. Kimo humo, pamoja na glavu na pamba zenye damu. "Mafuta yaende maabara yakafanye nini, mama?" Wakacheka wote wawili. Nikalipa nikaondoka. Ndiyo, niliondoka, na hilo najilaumu mpaka leo.

Usingizi ukagoma. Baada ya wiki kadhaa nikaenda hospitali nyingine, kubwa kidogo, nikamkuta daktari mama wa makamo. Maswali aliyoniuliza ndiyo niliyostahili kuulizwa siku ya kwanza. Ulikuwa na ukubwa gani? Umekua kwa muda gani? Ukikaza paja, ulikuwa bado unateleza au unaganda? Ulishawahi kukatwa hapo ukarudi? Nilipotaja sentimita 7 aliacha kuandika.

Akanieleza taratibu. Uvimbe wa mafuta kwa kawaida ni mlaini, uko chini ya ngozi tu, unachezacheza chini ya kidole, na unakua polepole kwa miaka. Ukizidi sentimita 5, au ukizama mpaka kwenye msuli, au ukianza kukua kwa kasi, kisu kinangoja picha. Kwanza ultrasaundi, na ikiwa umezama sana, MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Kikionekana cha kutia shaka, wanachukua kipande kwa sindano kikapimwe, ndipo wajue wanakata kiasi gani. Maana kukiwa na saratani ya nyama laini, sarkoma, kuikata kienyeji kunaweza kumwaga mbegu zake pembeni, na upasuaji wa pili unakuwa mkubwa kuliko ambao ungetosha mwanzoni. Na mimi niliyejifariji kwamba hauumi! Kumbe sarkoma nyingi mwanzoni haziumi kabisa.

"Walipeleka kupima?"

"Ulikwenda kwenye ndoo, daktari."

Akavua miwani, akazifuta, akavaa. Hakuwasema vibaya wenzake. Akanipeleka ultrasaundi, haikuona kilichobaki. Akanituliza pia kwamba vivimbe vya mafuta ni vingi mno na sarkoma ni nadra, kwa hiyo uwezekano mkubwa yalikuwa mafuta kweli. Nirudi baada ya miezi kadhaa aniangalie, na ukiota tena palepale nisimruhusu mtu kuugusa kwa kisu kabla ya kupimwa kwa sindano.

Hapo ndipo nyota zangu zinapovurugika. Kama yalikuwa mafuta, basi yule wa dole gumba alipatia, nalalamika nini? Nyota tatu. Lakini alijuaje, juu ya dera? Futi kamba nilikuwa nayo kwenye pochi, angeniomba! Na kopo moja la formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama kiende maabara, ni shilingi ngapi? Ningelipa mimi. Nyota moja, na hiyo ni ya mshono.

Kila nikioga mkono unakwenda wenyewe kwenye kovu. Juzi nimegusa kitu kigumu. Daktari mama alishaniambia kovu lenyewe huwa gumu, najua, lakini nililigusa mara kumi.

Nesi nimekutana naye sokoni kwenye nyanya. Akanichangamkia, "Mama, kidonda vipi?" Nikamwambia kimepona. Akanisaidia kubeba kikapu mpaka kituoni.

Haya, mbili.