Uchambuzi wa Mbao: Mwaloni Mweupe wa Marekani

Karibuni, watazamaji. Mezani nina vipande viwili vya mbao kutoka mashariki mwa Marekani: cha kushoto ni cha mwaloni mwekundu, na cha kulia ni cha mwaloni mweupe, Quercus alba, ambao ndio tunaouchambua leo. Kwa kuwa vikishapakwa vanishi vinaweza kumchanganya hata fundi mzoefu, ninachovya ncha ya kila kipande katika maji ya sabuni na kupuliza ncha ya pili. Tazameni: mwekundu unatoa mapovu, ilhali mweupe hautoi hata moja, kwa sababu mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mtini imezibwa na vifuko vidogo vilivyoota ndani yake mti ulipokuwa ukikomaa.

Sifa hiyo ndiyo iliyoupatia mti huu kazi zake kubwa. Wiski ya bourbon, ambayo kwa sheria ya Marekani huhifadhiwa katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa kwa ndani, hukomazwa zaidi katika mapipa ya mwaloni mweupe. Pipa la mwekundu lingevuja. Mbao za mwaloni mweupe pia zilitumika kwenye ubavu wa meli ya kivita USS Constitution, iliyoshushwa majini mjini Boston mwaka 1797 na ingali inaelea hadi leo.

Kwa samani na sakafu, ni mbao ngumu, nzito na inayoshika vizuri gundi. Hata hivyo, tafadhali msiipigilie misumari ya kawaida. Huu hapa niliuacha kwenye ubao wenye unyevu, na doa hili jeusi kama wino limetokana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti, kukutana na chuma. Tumieni skrubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu.

Jambo jingine ni upasuaji. Ubao uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo huonyesha miale hii inayong'aa, ambayo binafsi naiona ni pambo lisilohitaji rangi, na husinyaa kwa upana takriban nusu tu ya ule uliopasuliwa kawaida. Bei yake ni ya juu, kwani gogo hutoa mbao chache.

Kwa benchi la bustanini, mlango wa nje au sakafu, naupendekeza bila kusita. Kwa kabati la chumbani, mwaloni mwekundu unatosha.