Hive OS: mashine iko Wete, mimi niko Mwanakwerekwe

Mashine yangu ya kuchimba sarafu za kidijitali ipo Wete, Pemba, chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yangu mkubwa. Mimi naishi Mwanakwerekwe, Unguja. Siwezi kupanda boti kila kadi ya picha, ile inayofanya hesabu za uchimbaji, inapoganda, na dada ana kazi zake. Ndiyo maana nikiisifu Hive OS, naisifu kwa sababu bila ya programu ya aina hii kazi yenyewe nisingeifanya.

Kwa asiyeijua: ni mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, umejengwa juu ya Linux. Unauandika kwenye flashi au diski ndogo, unachomeka, mashine inawaka nao. Baada ya hapo huhitaji skrini wala kibodi. Unaisimamia kwa simu. Yangu ina kadi sita za RTX 3060 Ti zinazochimba Ethereum Classic, kwa kuwa Ethereum yenyewe iliachana na wachimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Kila kadi inatoa kiasi cha mega hashi 60, yaani majaribio milioni 60 ya hesabu kwa sekunde, kwa wati 120 hivi, na kwenye simu naona joto la kila moja, kasi ya feni na umeme inaokula. Sarafu, pochi, puli (kundi la wachimbaji wanaogawana mapato) na programu ya kuchimbia vinafungwa pamoja katika kile wanachokiita Flight Sheet. Ukitaka kuhamia sarafu nyengine, unachagua nyengine tu, basi.

Lakini kilichonifanya niipende khasa ni mlinzi wake. Unamwekea kiwango: hashi zikishuka chini ya hapa kwa dakika kadhaa, anzisha upya programu ya kuchimbia, zikiendelea kuwa chini, zima na uwashe mashine nzima. Mimi nimeweka mega 330, maana zote sita zinatoa kama 360, na kadi moja ikiondoka napata tahadhari mapema. Kuna usiku niliamka kwa ajili ya swala nikakuta ujumbe wa Telegram umepangana: kadi nambari 4 ina hitilafu, mashine inajiwasha upya, mashine imerudi hewani. Kila kitu kilishakwisha na nyumba nzima ya Wete imelala.

Kadi hiyo nambari 4 ina hadithi yake. Huku kwetu hewa ina chumvi, na chumvi haina huruma na shaba. Raiza, kile kibao kidogo kinachounganisha kadi na ubao mama kwa waya, miguu yake huanza kufanya ukungu wa kijani, halafu kadi inapotea na kurudi inavyotaka. Programu haiwezi kusafisha kutu, lakini inakwambia ni kadi ipi, na orodha ya matukio inaonyesha kuwa ni ile ile kila mara. Nilimpelekea dada raiza mpya kwa boti, mpwa wangu wa skuli akaibadilisha nikiwa naye kwenye simu. Mpwa huyo nimempa ruhusa ya kutazama tu: anaona kila kitu, habonyezi kitu. Mgawanyo huo wa ruhusa ni jambo zuri sana kwa mashine iliyo katika nyumba ya watu.

Joto nalo. Wakati wa kaskazi, adhuhuri chumba kile kinakuwa tanuri. Unaiambia programu unataka kadi zibaki nyuzi 60, nayo inapandisha na kushusha feni yenyewe. Ukiweka na kiwango cha hatari, kikifikiwa uchimbaji unasimama. Mimi nimeongeza ratiba: saa sita mchana kazi inasimama, baada ya alasiri inaanza tena. Feni zinapumzika, na dada anapata utulivu wa kulala mchana.

Umeme ndio mahali programu inapofika mwisho wa uwezo wake. Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na ukikatika, ukatike. Hakuna programu ya kuzuia hilo. Cha kuangalia ni unaporudi. Ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya ubao mama, kuna mahali pa kuagiza kompyuta iwake yenyewe umeme ukirudi, na bila ya hapo Hive OS itakwambia tu kuwa mashine haipo hewani. Siku moja nikampigia dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeme umerudi zamani, lakini hii mashine yako kimya."

Kumbe betri ya kidonge kwenye ubao mama, ile CR2032, imekufa, na mipangilio yote ya BIOS imefutika nayo. Betri yenyewe inapatikana duka lolote la saa. Mwenye ubao wa zamani aibadilishe kabla haijafa.

Jambo jengine: wati unazoziona kwenye simu ni zile kadi zinazojisemea zenyewe. Ubao mama, feni na upotevu wa pawa saplai havimo. Kwangu simu inasema 720 hivi, lakini kipimo nilichochomeka kwenye soketi kinaonyesha kama 850. Hizo ni uniti 20 na kitu kwa siku mashine ikichimba saa zote 24, na mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, inahesabu za soketi. Fanyeni hesabu kwa hizo. Nilipozifanya, nikashusha nguvu za kadi kwa programu hii hii, hashi zikapungua kidogo na umeme ukapungua zaidi. Kwa bei hizi simshauri mtu anunue kadi mpya leo kwa ajili ya uchimbaji. Nasema na wale ambao tayari wanazo.

Malipo ya Hive OS yanakwenda kwa idadi ya mashine. Bando haliliwi sana, kwani uchimbaji wenyewe hutuma data kidogo. Kama mashine yako ipo chumbani unakolala na inatumia Windows, minerstat au Awesome Miner zitakutosha na hutolazimika kubadilisha mfumo. Ikiwa mbali, chukua hii.

Ukishaiweka tu, badilisha nenosiri. Linalokuja na mfumo ni tarakimu 1 peke yake, kila mtu duniani analijua, na anayeingia humo anaweza kubadilisha pochi hashi zako zikamlipa yeye. Amri ni hive-passwd. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, na humo andika anwani ya pochi pekee. Maneno ya siri ya pochi yabaki kwako, kwenye karatasi.