Uzoefu wangu: yuniti ya uigizaji, na yule mhadhiri

Sikuitaka hii yuniti. Nasomea uhasibu, lakini chuo chetu hapa Mombasa kinakulazimisha uchukue somo moja la sanaa, na nafasi zilikuwa zimebaki za utangulizi wa uigizaji tu. Niliingia nimenuna, na ningemaliza muhula nimenuna kimyakimya kama si mhadhiri.

Naishi Likoni. Anayevuka feri asubuhi anajua: ikikuacha moja, utasukumwa juani hadi ije nyingine. Siku moja ikaniacha, nikafika mazoezi yameanza. Tulikuwa tunaigiza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, nami nimo kwenye umati unaomngoja Kinjeketile, yule aliyewapa watu maji ya kinga, atoke mtoni Rufiji. Nikasema, "Samahani Madam, feri." Akasimamisha kila kitu. "Nyinyi watu wa Likoni mna kisingizio kimoja tangu mzaliwe!" Akaniweka katikati ya jukwaa nieleze nilivyochelewa, na kila nikikaribia kumaliza, anapiga kelele: "Sikusikii! Anza upya!" Wenzangu wanacheka. Wallahi machozi yalinilenga. Nimelipa karo nifundishwe, sikulipa nitukaniwe kwetu.

Nilitaka niandike hapa msijisajili kabisa, lakini nitakuwa mwongo. Mama huyu kazi anaijua. Ndiye aliyenionyesha kuvuta pumzi hadi tumboni, kiganja juu ya kitovu, mpaka sauti ikafika viti vya nyuma bila koo kuuma. Ndiye aliyetufundisha kwamba hata anayengoja tu jukwaani ana kazi: sote tukikaza macho pamoja pale chini, mtazamaji anauona mto, na ni sakafu ya saruji. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, nilivikariri shuleni kwa ajili ya mtihani. Ila kusimama kwenye ule umati unaoamini risasi za Wajerumani zitageuka maji, huku mimi najua hazitageuka, kulinitia baridi mwilini.

Na hapo ndipo hasira inaponirudia. Mwenye ujuzi wote huo ana haja gani ya kumdhalilisha mtoto wa watu? Usiku wa onyesho alinishika bega akasema, "Vizuri." Kuhusu siku ile, hajatamka neno mpaka leo.

Basi jisajilini, hasa nyinyi mnaosema sanaa si yenu. Lakini akianza mdomo wake, nendeni kwa mkuu wa idara siku hiyohiyo. Barua yangu iko mezani kwake tayari.