Hojaji ya TSQ kwa waathiriwa wa uhalifu: nzuri, ila isiulizwe usiku wa tukio

TSQ (Trauma Screening Questionnaire) ni hojaji ya kumtambua anayeweza kuwa na PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaofuata tukio la kutisha. Ilitolewa mwaka 2002 na mwanasaikolojia Chris Brewin na wenzake nchini Uingereza. Kwa muuguzi au mshauri nasaha wa Mombasa anayepokea watu waliokatwa mapanga Kisauni au kuporwa Likoni, inafaa sana: karatasi moja, maswali 10, jibu ndiyo au la.

Maswali 5 yanahusu tukio kumrudia mtu: mawazo yasiyoitwa, ndoto mbaya, kujiona yuko pale pale tena, kuumia roho akikumbushwa, moyo kwenda mbio. Matano mengine ni usingizi, hasira, akili kutotulia, kujihadhari na kushtuka-shtuka. Ndiyo huhesabiwa pale jambo limetokea angalau mara 2 katika wiki iliyopita. Zikifika 6, apelekwe kwa uchunguzi kamili. Alama hizo peke yake si ugonjwa.

Inapoharibika ni kwenye wakati. Usiku wa tukio karibu kila mtu hutetemeka na kukosa usingizi, na wengi hupoa wenyewe, kwa hiyo ukiuliza kwenye chumba cha dharura utawaandika wote kuwa wa kupelekwa uchunguzi. Ngoja wiki ya 3 au ya 4. Lakini aliyeporwa simu utampigia wapi? Chukua namba ya ndugu au jirani anayemwamini siku ile ile ya kwanza. Kwa aliyebakwa na kuanzishiwa dawa za kuzuia VVU, dozi ni siku 28. Siku anayomaliza ndiyo ya kumuuliza, akiwa peke yake, bila mume wala shangazi mlangoni.

Swali la kujihadhari lina mtego wake. Mtaa wenye magenge kila mtu anatazama nyuma, basi sisitiza: “kuliko ulivyokuwa kabla ya tukio?” Na lile la kujiona pale pale tena liulizwe polepole, maana wengine hulisikia kama habari ya majini wakanyamaza.

Upungufu mkubwa ni kwamba haiulizi kujiepusha na mahali au mambo yanayomkumbusha mtu tukio. Mtu aliyeacha kazi kwa sababu hawezi tena kukanyaga feri anaweza kupata alama 4 tu. Huyo naye asiachiliwe. Wala haigusi mawazo ya kujiua. Hilo liulize mwenyewe, waziwazi, kabla hajainuka kitini.